Solfa ya Mashine na Nyimbo za Kwaya Zetu

Walimu wa kwaya wa Buhare na mitaa yote ya Musoma, mwezi huu twawaletea habari za chombo ambacho huenda kimo kanisani mwenu, nanyi hamkijui. Tazameni nyuma ya kinanda cha umeme. Pengine mtaona tundu la mviringo lenye vitundu vidogo vitano, na karibu yake herufi hizi: MIDI. (Katika vinanda vipya mara nyingi tundu hilo limeachwa, pakatiwa la USB, lakini kazi ni ile ile.) Watu wengi hulipita kana kwamba ni mambo ya fundi tu. Walakini ndiyo njia ya kuhifadhi nyimbo zilizotungwa na walimu wetu, nazo nyimbo hizo zaweza kupotea tukiwa twatazama.

Kila mwimbaji ajua nota za solfa. Mwingereza Sarah Glover ndiye aliyezipanga kwanza, na mchungaji John Curwen akazitengeneza na kuzieneza tangu miaka ya 1840, hata zikafika kwetu pamoja na wamisionari. Karatasi ya solfa haina sauti ndani yake. Yasema tu: imba do, kisha mi, uishike mapigo mawili, hapa upunguze nguvu. Sauti yatoka kwa mwimbaji. Basi, MIDI ni solfa ya mashine. Mtu akibonyeza kibao cha kinanda, waya haupeleki sauti, bali wapeleka amri fupi: kibao namba fulani kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi fulani. Do ya katikati, ile iitwayo C, ni namba 60. Nguvu yahesabiwa mpaka 127. Tena amri zaweza kwenda kwa njia 16 katika waya mmoja, hata kila sauti ya kwaya ikawa na njia yake. Chombo kinachoziandika amri hizo kwa kufuata wakati wake, kisha kuzirudisha ili kinanda kipige peke yake, ndicho kiitwacho sikwensa.

Mapatano haya yalifanywa na watu waliokuwa wakishindana katika biashara, jambo ambalo si la kila siku. Mjapani Ikutaro Kakehashi wa Roland na Mmarekani Dave Smith wa Sequential Circuits walikuwa kila mmoja akitengeneza vinanda vyake, na kinanda cha huyu hakikuelewana na cha yule. Wakakubali pamoja na wengine lugha moja, na Januari 1983 huko Marekani vinanda viwili vya viwanda hivyo viwili vikaunganishwa kwa waya mbele ya watu, kimoja kikapiga kingine. Baada ya hapo kompyuta za nyumbani zikaingia katika kazi hiyo. Commodore 64 ya mwaka 1982 ilikuwa na chipu yake yenyewe ya muziki, iliyotoa sauti tatu tu, moja pungufu ya kwaya. Atari ST ya mwaka 1985 ilipita zote kwa kuwa na matundu ya MIDI tangu kiwandani, na kwa mashine hiyo kampuni ya Steinberg ya Hamburg ikatoa programu ya Cubase mwaka 1989. Wako wapigaji huko Ulaya wanaozitunza Atari zao mpaka leo, maana wasema mapigo yake hayayumbi.

Kwetu Tanzania kompyuta hizo hazikuingia nyumbani mwa watu. Mwaka 1974 Serikali ilikuwa imekataza kuleta kompyuta kutoka nje, na ingawa amri ile ililegezwa baadaye, miaka ya Commodore ilikuwa imekwisha kupita. Tena Commodore ilitumia televisheni kama kioo chake, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata mwaka 1994. Kilichotufikia ni kinanda chenye sikwensa tumboni mwake. Katika miaka ya 1990 studio za watu binafsi na za makanisa zilifunguliwa Dar es Salaam, na kanda za kwaya kama AIC Makongoro ya Mwanza na Uinjilisti Kijitonyama zikasikiwa nchi nzima; ndipo kila usharika ukatamani kinanda. (Huku Bukwaya mgeni akiambiwa “nyimbo za Kwaya” na aulize kwanza kama ni za kanisani au za kabila.)

Sasa, mwalimu, sikiliza faida yake. Kwaya nyingi hujifunza wimbo mpya kwa kusikiliza kanda au simu. Ukiipunguza mwendo kanda ya kaseti, sauti nayo yashuka na waimbaji wapotea. Sikwensa haifanyi hivyo, kwa kuwa haikuhifadhi sauti, imehifadhi amri. Uipunguze mwendo nusu, do yabaki do. Besi wakiona wimbo uko juu mno, washushe wote hatua mbili kwa kibonye kimoja, kama vile unavyoandika “Do ni F” mahali pa “Do ni G”. Sauti ya tatu wakishindwa, nyamazisha njia nyingine zote, waisikie yao peke yake mara kumi, kisha uwarudishie wenzao mmoja mmoja. Mwalimu mwenye kazi ya shamba na ya shule aweza kuandika sauti nne Jumatatu usiku nyumbani, kila moja kwa zamu, polepole, hata kama vidole vyake si vyepesi, na Alhamisi kwaya ikafundishwa na kinanda wakati yeye amesimama mbele yao, mikono yake huru.

Lakini pana hatari, nayo si ndogo. Sikwensa nyingi zina kibonye cha kunyosha mapigo: nota iliyotangulia kidogo au kuchelewa kidogo husogezwa mahali pake halisi. Vijana hukipenda, maana makosa yatoweka. Walakini si kila kuchelewa ni kosa. Mpigaji wa iritungu wa Wakuria, au wa nyatiti ya Wajaluo, aweza kuchelewa kwa makusudi, na ndiyo utamu wa wimbo. Mashine haijui tofauti ya utamu na kosa. Kadhalika MIDI yahesabu hatua 12 sawasawa toka do mpaka do ya juu, na nyuzi nane za iritungu hazikutegwa kwa kipimo hicho. Iko njia ya kupinda nota, lakini ni kazi ya uvumilivu. Kwa maoni yetu wimbo wenye asili ya kwetu uandikwe bila kunyoshwa, na ngoma ipigwe kwa mikono ya mtu.

Wamisionari Wamenoni waliofika Shirati mwaka 1934 walitoka Lancaster, Pennsylvania, ambako ibada iliimbwa kwa sauti tupu bila chombo chochote. Wazee wengi wa Mara walilelewa katika uimbaji huo, nao wakisikia leo kinanda kikipiga ngoma ya mashine kwa sauti ya kuziba masikio, wanayo haki ya kuuliza kama kwaya ingali yaweza kuimba umeme ukikatika. Zaburi ya 150 yataja vyombo vingi, ni kweli. Mwalimu mwenye busara atakizima kinanda juma moja kabla ya sikukuu, ajue waimbaji wamejifunza au wamebebwa.

Turudi kwenye hifadhi. Vinanda vya miaka ya 1990 viliweka nyimbo katika disketi, au katika kumbukumbu inayolindwa na betri. Disketi huota ukungu, betri hufa, na wimbo wa mwalimu aliyekwisha kulala katika Bwana hufa pamoja nayo, ikiwa solfa yake haikuandikwa popote. Wimbo wenyewe ni mdogo ajabu. Sauti nne zenye nota 400 hazifikii kilobaiti 5, na disketi ya kilobaiti 720 yachukua zaidi ya nyimbo mia; bali sauti ile ile ikirekodiwa dakika 3 kwa kipimo cha CD yataka megabaiti 30 na zaidi. Basi nakilini mapema. Kinanda kikiweza, hifadhini katika muundo wa kawaida wa MIDI, ambao faili lake huishia na .mid, kwa kuwa kila kompyuta yausoma. Miundo ya kiwanda kimoja huzikwa na kiwanda chake. Faili hilo laweza kubeba hata maneno ya wimbo, silabi kwa silabi, na jina la mtungaji. Kinanda kisipoweza, kiunganisheni kwa waya na kinanda kipya au kompyuta, kile cha zamani kipige wimbo nacho kipya kiandike. Waya uchomekwe katika tundu la OUT la kile cha zamani, uingie IN ya kile kipya. OUT kwa OUT hamtapata kitu.