Cheti Kilichopunguza Hamu ya Kuchora

Katika shule ya chekechea ya Bing, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Stanford huko California, watoto waliopenda sana kuchora kwa kalamu za rangi waligawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza liliahidiwa kwamba atakayechora atapata cheti chenye muhuri wa dhahabu na utepe. La pili halikuahidiwa kitu, ila lilipomaliza likakabidhiwa cheti hichohicho. La tatu lilichora tu.

Wiki moja au mbili baadaye, kalamu zilirudishwa mezani wakati wa michezo, bila kutajwa zawadi yoyote. Watoto walioahidiwa cheti walizichezea kwa takriban nusu tu ya muda waliotumia wenzao. Waliopewa bila kutarajia walichora kama kawaida. Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, waliochapisha utafiti huo mwaka 1973, waliona kwamba kasoro haikuwa kwenye cheti bali kwenye ahadi iliyotangulia: mchezo uligeuka kibarua.

Hapa ndipo wazazi wengi hukosea kwa nia njema. Mtoto anayejisomea hadithi kwa raha zake hana haja ya kuahidiwa baiskeli. Anayeichukia hesabu ni habari nyingine. Huenda zawadi ndogo ikamvuta aanze, kwani matokeo ya Bing yalihusu watoto waliokuwa na hamu tangu awali. Wala utafiti huu usiwe kisingizio cha waajiri kulipa kidogo. Anayelipwa kijungujiko hawezi kuhubiriwa mapenzi ya kazi.

Magharibi mwa Kenya, katika wilaya za Busia na Teso, suala la zawadi za kuahidiwa liliwagusa walimu wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wachumi Paul Glewwe, Nauman Ilias na Michael Kremer walifuatilia shule za msingi 100. Katika 50 kati ya hizo, walimu waliahidiwa zawadi kama suti na vyombo vya mezani endapo wanafunzi wao wangefanya vizuri katika mitihani ya wilaya.

Alama zilipanda. Hata hivyo, utoro wa walimu haukupungua, na kazi za nyumbani hazikuongezeka. Kilichozidi ni vipindi vya ziada vya kuwanoa watoto kwa mtihani, yaani kilekile ambacho zawadi ilikipima. Mradi ulipokwisha, mafanikio hayo hayakudumu.