Mmea Tunaoukanyaga Bila Jina

Kila siku tunapita Goma kando ya kuta za mawe meusi ya volkano. Palipo na unyevu, mawe hayo huota vizulia vya kijani. Mmea huu unaitwaje? Wengine husema ni majani tu. Wengine husema mousse, neno la Kifaransa ambalo pia ni povu la sabuni. Wapo wanaoandika kuvumwani. Lakini neno hilo huunganisha kuvu na mwani, na mmea huu si kuvu wala mwani. Linaifaa zaidi laikeni, ambayo kweli ni kuvu na mwani vikiishi pamoja.

Tuchukue aina moja, Bryum argenteum. Huota juu ya saruji, mapaa na kando ya barabara katika mabara yote, hata Antaktika. Haina mizizi ya kweli, maua wala mbegu. Huenea kwa spora zinazopeperushwa na upepo, na kwa vipande vidogo vinavyonata kwenye nyayo. Ncha za majani yake hazina rangi ya kijani, hivyo ikikauka hung'aa kama fedha. Ndiyo maana ya argenteum kwa Kilatini: ya fedha.

Nani aliigundua? Watu walikuwa wakiikanyaga tangu zamani. Carl Linnaeus wa Sweden aliiorodhesha kwa jina hilo mwaka 1753. Baadaye daktari Johann Hedwig, aliyefanya kazi Leipzig, alichunguza mimea ya jamii hii kwa hadubini na kuonyesha viungo vyake vya uzazi. Kitabu chake kilitoka 1801, miaka miwili baada ya kifo chake, na wanabotania wakakubaliana kwamba majina rasmi ya karibu jamii hii yote yaanzie hapo. Kugundua, basi, kulikuwa kutazama kwa makini, kueleza na kutaja.

Kazi hiyo inatuhusu. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya mji wetu. Juu ya mwamba wa namna hiyo, laikeni na mimea midogo kama hii huwa miongoni mwa viumbe vya kwanza kurudi. Mwalimu atalielezaje darasa jambo hilo, ikiwa viumbe viwili tofauti vina neno moja? Tuanze kwa wazee: tuwaulize majina yake kwa Kihunde, Kinande, Kishi na Kinyarwanda, tuyaandike, kisha ndipo tupendekeze neno la Kiswahili.