Daraja la Kimbunga Halipimi Maji

Kila kimbunga kinapoikaribia Florida au Texas, swali huwa lile lile. Huulizwa kwenye foleni za petroli mjini Tampa, na huulizwa kwa simu kutoka Mombasa au Goma kwa ndugu walioko Houston: "Ni cha daraja la ngapi?" Akiambiwa la 4, muulizaji hushtuka na kuhimiza watu waondoke. Akiambiwa la 1, hushusha pumzi. Wataalamu wa vimbunga wamelisikia swali hili hadi limewachosha, na wana haki ya kuchoka, kwa kuwa majibu yake yamewabakiza watu majumbani mwao hadi maji yakawakuta.

Kipimo cha Saffir-Simpson, chenye madaraja 1 hadi 5, hupima kasi ya upepo, basi. Hakipimi mvua, wala upana wa kimbunga, wala bahari itapanda kiasi gani. Zamani kila daraja liliambatanishwa na makadirio ya kina cha maji ya bahari. Makadirio hayo yaliondolewa mwaka 2010 kwa sababu yalikuwa yakipotosha. Tena upepo si muuaji mkuu. Uchambuzi wa vifo vilivyotokana moja kwa moja na vimbunga vya Atlantiki nchini Marekani, kuanzia 1963 hadi 2012, ulionyesha kwamba karibu vifo 9 katika kila 10 vililetwa na maji. Karibu nusu ya vifo vyote vilitokana na bahari iliyosukumwa nchi kavu.

Anayebisha aende kisiwa cha Cayo Costa, magharibi mwa Florida. Agosti 2004, kimbunga Charley kilitua hapo kikiwa cha daraja la 4, upepo wake ukienda kilomita 240 kwa saa. Septemba 2022, Ian kilitua kisiwani hapo hapo, daraja lile lile, kasi ile ile. Charley kilipandisha bahari kwa takriban mita 2. Ian kilipandisha mita 3 hadi 4.5 katika mji jirani wa Fort Myers Beach, maji yakang'oa nyumba kwenye misingi, na watu wapatao 40 wakafa kwa mafuriko hayo ya bahari peke yake. Waliokuwa wakisema "Charley tulikaa na hatukufa" walikuwa wamelinganisha tarakimu, hawakulinganisha vimbunga. Charley kilikuwa chembamba na kilipita mbio. Ian kilikuwa kipana, kikaenda polepole, kikapata muda wa kuyasukuma maji juu ya sakafu ya bahari ambayo katika pwani hiyo ni ya kina kifupi mno. Maji yasipokuwa na pa kushukia, hupanda ufukweni.

Kosa hilo lina mizizi mirefu. Huko Mississippi, nyumba iliyosalimika mwaka 1969 chini ya Camille, kimbunga cha daraja la 5, iligeuka kuwa hirizi. Ikaaminika kwamba pasipofika maji ya Camille, hapatafika maji mengine. Agosti 2005 kimbunga Katrina kikatua kikiwa cha daraja la 3, bahari ikapanda hadi mita 8.5 karibu na Pass Christian, kupita alama zote za Camille. Upepo wa Katrina ulikuwa umepungua kabla ya kufika pwani, lakini maji yaliyokwisha kusukumwa ulipokuwa wa daraja la 5 hayakurudi nyuma kwa sababu tu tarakimu imeshuka redioni.

Na wanaoishi mbali na bahari wasijione salama. Mwaka 2017 Harvey ilikuwa imeshapoteza hata hadhi ya kimbunga ilipoganda juu ya kusini-mashariki mwa Texas na kumwaga zaidi ya milimita 1,500 za mvua mjini Nederland. Mwaka 2024 mabaki ya Helene yaliizamisha sehemu ya Asheville, mji wa milimani, mamia ya kilomita kutoka ufukweni.

Basi swali lenye maana ni hili: maji yanaweza kufika hapa nilipo, na barabara ya kutokea itakatika lini? Katika kaunti nyingi za pwani ya Florida kila eneo la hatari lina herufi yake. A huondoka kwanza. Ijue yako kabla ya msimu, unaoanza Juni 1. Amri ya kuhama ikitolewa, ondoka mapema, mchana, na dawa, vyeti na fedha taslimu. Kilomita thelathini za kuelekea mwinuko mara nyingi zinatosha. Aliye nje ya eneo la maji, katika nyumba imara, abaki: mwaka 2005 watu wengi walikikimbia kimbunga Rita kutoka Houston, wakakwama barabarani kwenye joto kali, na wengi wa waliokufa walifia safarini, wakiwemo wazee 23 walioungua ndani ya basi. Mgonjwa anayetegemea umeme aondoke kabla ya wote. Usiingize gari kwenye maji yanayotembea. Sentimita 60 huyabeba magari mengi. Ukizingirwa, panda ghorofani au juu ya paa, usijifungie darini pasipo na tundu la kutokea. Umeme ukikatika, jenereta ikae nje, mbali na madirisha: baada ya kimbunga Laura huko Louisiana, mwaka 2020, moshi wa jenereta uliua watu wengi kuliko bahari.