Chombo cha Angani Kilichoundwa Kisirudi

Asubuhi ya tarehe 21 Novemba 1917, chombo chenye urefu wa meta 226 kilipaa kutoka Jamboli, nchini Bulgaria, kikielekea Afrika Mashariki. Kilikuwa ni zepelini ya Kijerumani L 59, iliyopakiwa tani zipatazo 15 za risasi, dawa na mahitaji mengine ya majeshi ya Lettow-Vorbeck, yaliyokuwa yamebanwa kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania.

Haidrojeni ya kukijaza tena haikupatikana huku. Kwa hiyo wahandisi walikiunda chombo hicho ili kivunjwe kikifika: kitambaa cha nje kiwe mahema, kitambaa cha mifuko ya gesi kiwe bendeji, na mifupa ya duralumini iwe nguzo za simu ya upepo. Hata ngozi ya ujia wa ndani ilikusudiwa kuwa viatu. Ubunifu huu unastaajabisha, ijapokuwa haifai kusahau kwamba vita vyenyewe viliwaua wapagazi wa Kiafrika kwa maelfu mengi.

Je, chombo kizito namna hiyo kilieleaje? Kwa kanuni ya Archimedes, hewa hukisukuma juu kitu kilichomo ndani yake kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa hewa iliyohamishwa. Penye kanieneo ya usawa wa bahari na halijoto ya nyuzi 0 za Selsiasi, meta moja ya ujazo ya hewa ina kilo 1.29, na ya haidrojeni kilo 0.09. Tofauti yake, kilo 1.2, ndiyo inayoweza kuinuliwa. L 59 ilichukua meta za ujazo 68,500 za gesi. Basi iliweza kuinua tani 82, pamoja na uzito wake yenyewe na petroli iliyozidi tani 20.

Lakini hewa ya joto ni nyepesi. Kwenye nyuzi 30 tofauti hiyo hushuka hadi kilo 1.08, na jumla huwa tani 74. Tani 8 zimepotea, yaani zaidi ya nusu ya shehena!

Jangwani mambo yalizidi kuwa magumu. Mchana jua liliipasha gesi moto. Ikatanuka, na sehemu yake ikatolewa kwa vali ili mifuko isipasuke. Usiku gesi iliyobaki ikapoa na kunywea, ikahamisha hewa kidogo zaidi. Chombo kikawa kizito, kikashuka karibu kugonga ardhi, na mabaharia wakalazimika kutupa farumi ya maji na sehemu ya shehena.

Tarehe 23 Novemba, kikiwa magharibi ya Khartoum, kilipokea amri ya kurudi, kwa kuwa mahali pa kutua palikuwa pametekwa. Kilifika Jamboli tarehe 25, baada ya kusafiri kilometa 6,757 kwa saa 95 bila kutua, nacho kilikuwa kingali na petroli. Tarehe 7 Aprili 1918 kiliwaka moto juu ya mlango wa bahari ya Adriatiki. Wote waliokuwamo walikufa.

Heli haiwaki, lakini meta moja ya ujazo ina kilo 0.18. Wanafunzi wakokotoe: L 59 ingejazwa heli kwenye nyuzi 0, ingepoteza tani ngapi za uwezo wake wa kuinua?