Wino haujakauka: kwa nini karatasi nzuri inaharibika baada ya kutoka kwenye mashini

Kadi mia tatu za ndoa zilikuwa tayari saa kumi jioni. Tulizifuata kwa mchapishaji mmoja wa komini ya Kenya, mjini Lubumbashi, zimefungwa vizuri katika karatasi ya kaki. Ndoa ilikuwa imebakiza siku tisa. Mbele, kadi ilikuwa safi: majina ya bwana na bibi arusi kwa rangi nyekundu iliyoiva, pete mbili za dhahabu, jina la parokia na saa ya misa. Shangazi yetu alipoigeuza nyuma, alinyamaza. Jina la bibi arusi lilikuwa pale pia, limefifia, limepinduka kama unavyolisoma kwenye kioo.

Tulihesabu. Zaidi ya kadi mia moja zilikuwa hivyo hivyo. Mchapishaji hakubisha. Alizirudia kwa karatasi yake na kwa wino wake, na faida yote ya kazi ile ikaishia pale. Lakini alituuliza swali moja ambalo hatukuwa na jibu lake: nani alileta karatasi asubuhi na kusema anazitaka siku ile ile kabla ya jioni?

Ni sisi.

Watu wengi tunafikiri kazi ya kuchapa inaisha wino ukigusa karatasi. Wanaoishi na mashini wanajua kwamba wakati huo hatari inaanza. Kutoka kwenye silinda mpaka kwenye rundo, karatasi inasafiri mita moja au mbili tu. Katika safari hiyo fupi inaweza kukunjika, kupasuka, kukwaruzwa, kupata alama ya kidole, au kuachia wino wake kwa karatasi jirani. Kazi iliyochapwa vizuri inaweza kufa pale, na aliyeilipia hajui iliuawa na nini.

Safari ya karatasi moja

Tazama mashini ndogo ya ofseti, aina inayochapa kadi, fakitire na matangazo. Mfano unaojulikana duniani ni Heidelberg GTO ya Ujerumani, iliyoingia sokoni mwaka 1972. Inapokwenda kasi kabisa, mashini ya namna hiyo inapitisha karatasi karibu 8 000 kwa saa. Ni zaidi ya karatasi mbili kwa kila sekunde.

Kwanza, hewa inapulizwa pembeni mwa rundo ili karatasi ya juu iachane na ya chini yake. Vikombe vidogo vya mpira vinainyonya na kuiinua. Inasogezwa mpaka kwenye vizuizi vinavyoiweka sawa, mbele na ubavuni. Halafu vibanio vya chuma, vinavyofanana na vidole vifupi, vinaikamata kwenye ukingo wa mbele. Vinashika milimita chache tu, fasi ambayo haitachapwa. Karatasi inazungushwa na silinda, inapokea wino kutoka kwenye mpira, kisha vibanio vingine vilivyofungwa kwenye mnyororo vinaipokea na kuipeleka juu ya rundo la mwisho. Hapo vinaachia.

Kila kupokezana kuna saa yake. Kibanio kikiachia mapema, karatasi inaanguka kombo. Kikichelewa, inapasuka au inapata mkunjo kwenye ukingo. Kibanio kimoja kilichochakaa kinatosha kuvuta karatasi upande mmoja, na katika kazi ya rangi nne utaona nyekundu imeikimbia bluu.

Na kuna jambo la hatari zaidi: baada ya kuchapwa, upande mmoja wa karatasi haugusiki. Chochote kitakachousugua kitaacha mstari. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa mashini wamehangaika miaka mingi kutafuta njia ya kubeba kitu bila kukigusa. Wengine waliweka magurudumu membamba yenye meno ya nyota, ambayo fundi anayasogeza mpaka yakanyage fasi nyeupe tu. Wengine walifunika silinda kwa kitambaa chepesi kinachocheza pamoja na karatasi, au kwa ngozi yenye chembe ndogo sana za kioo ili wino uguse fasi chache. Katika mashini kubwa za leo, karatasi inaelea juu ya hewa inayopulizwa chini yake.

Ofseti yenyewe ilizaliwa kutokana na karatasi iliyokosa safari yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, huko New Jersey, Marekani, mchapishaji Ira Rubel aliona kwamba mfanyakazi akisahau kuingiza karatasi, wino unabaki kwenye mpira wa silinda, na karatasi inayofuata inachapwa pande mbili. Alipotazama vizuri, upande uliochapwa na mpira ulikuwa safi kuliko ule wa kawaida. Mwaka 1904 alikuwa na mashini iliyojengwa juu ya kosa hilo.

Wino una saa zake

Wino wa ofseti haukauki kama maji ya nguo. Kwanza sehemu yake ya mafuta inanyonywa na karatasi, na ndani ya dakika chache unaonekana umeshika. Halafu unaanza kuwa mgumu kwa kukutana na oksijeni ya hewa, na hiyo inachukua saa nyingi, mara nyingine siku nzima. Kwenye karatasi ngumu inayong'aa, kama ile ya kadi za ndoa, unachukua muda zaidi kwa sababu karatasi yenyewe inanyonya kidogo.

Katika saa hizo, karatasi zinalaliana. Rundo likipanda, uzito wa zile za juu unabana zile za chini, na wino unahamia mgongo wa jirani. Dawa ya zamani ni unga mwepesi unaorushwa juu ya kila karatasi inapoanguka. Mara nyingi unga huo unatokana na wanga wa mahindi, ndugu wa mbali wa bukari yetu, uliosafishwa na kusagwa mpaka chembe zake haziwezi kuhesabika kwa jicho. Kila chembe inakuwa nguzo ndogo kati ya karatasi mbili, hewa inapita, wino unakauka. Ukizidishwa, kadi inakuwa na mchanga ukiipapasa. Ukipunguzwa, jina la bibi arusi linahamia nyuma.

Dawa nyingine hazina bei: kutoa rundo likiwa bado fupi, kuliweka juu ya ubao bila kulitikisa, na kungoja. Adui mkubwa ni mashini ya kukata. Kabla kisu hakijashuka, chuma kizito kinabana rundo lisisogee. Kikibana wino ambao bado mbichi, ni kama umepiga muhuri. Kadi zetu zilichapwa asubuhi na kukatwa saa nane mchana. Hakukuwa na unga wa kutosha duniani wa kuziokoa.

Kipwa, mvua na umeme

Lubumbashi iko juu, karibu mita 1 200 kutoka usawa wa bahari, na majira yake mawili hayafanani. Kila moja lina njia yake ya kuharibu karatasi.

Wakati wa kipwa, hewa ni kavu na vumbi jekundu linaingia kila fasi. Karatasi ina maji kidogo ndani yake. Ikiyapoteza, kingo zinajikaza na rundo halilali sawa. Karatasi kavu zikisuguana zinapata umeme mdogo, ule ule unaosikia ukivua sweta ya nailoni usiku wa mwezi wa sita. Zinashikana, vikombe vinainua mbili badala ya moja, na mashini inasimama au inatoa karatasi nyeupe katikati ya kazi. Vumbi nalo linakaa kwenye mpira na kuacha madoa meupe kwenye picha. Asubuhi ya baridi wino unakuwa mzito, na unaweza kung'oa nyuzi za karatasi yenyewe. Na kalasi zinafunguliwa mwezi wa tisa, kipwa kikiwa kimekomaa, wakati madaftari, stakabadhi na orodha za vifaa zinatakiwa zote kwa pamoja.

Mvua ikianza, mambo yanageuka. Karatasi inakunywa unyevu, kingo zinakuwa na mawimbi kama bati, na wino unachelewa kukauka. Uchaguzi wa Desemba 2018 na ule wa Desemba 2023 ulituangukia katikati ya mvua, na matangazo ya wagombea hayakungojea kipwa.

Juu ya hayo, umeme unakatika. Mashini ikisimama ghafla, karatasi zinabaki zimebanwa ndani, nyingine nusu imechapwa. Wino na maji, ambavyo fundi alikuwa amevipatanisha kwa shida, vinaachana. Umeme ukirudi, karatasi nyingi za kwanza ni za kutupa, kwa sababu rangi haijarudi pale ilipokuwa.

Magazeti yanapopita mbio

Mji huu unajua kuchapa tangu zamani. L'Étoile du Congo lilianza 1911, mji ukiwa bado mchanga na unaitwa Elisabethville. L'Essor du Congo likafuata 1928. Mwaka ule ule wa 1911 Wasalesiani wa Don Bosco walifika, wakaleta shule za ufundi, na kule Kafubu wakawa na mitambo yao ya kuchapa.

Katika nchi zinazochapa magazeti mengi, shida ya kubeba bila kuharibu ni kubwa mara nyingi zaidi. Mashini ya gazeti inaweza kutoa nakala zaidi ya 70 000 kwa saa, karibu 20 kwa sekunde. Zikitoka moja nyuma ya nyingine bila kugusana, lazima zikimbie karibu mita 6 kwa sekunde, na chochote zitakachogonga kitazikunja. Suluhisho ni kuzilaza moja juu ya nyingine kama magamba ya samaki, kila nakala ikiacha sentimita chache za mwenzake zionekane. Idadi inabaki ile ile, lakini mkondo unatembea polepole zaidi na hakuna kinachopasuka.

Kampuni ya Uswisi Ferag, iliyoanzishwa na Walter Reist mwaka 1957, ilijipatia jina kwa wazo jingine: kila gazeti lipewe kibanio chake kwenye mnyororo. Linashikwa kwenye ukingo, linaning'inia, linapita juu ya vichwa vya wafanyakazi mpaka fasi ya kufungwa, na fasi iliyochapwa haisuguliwi na kitu. Ni kama mama anavyobeba nguo iliyopigwa pasi: kwa ncha, mbali na mwili wake.

Kwa nini mambo haya yanatuhusu

Mtu anaweza kusema kadi ya ndoa ni kitu kidogo. Lakini karatasi ni ushahidi. Hapa nchini wengi wanakumbuka kadi za uchaguzi za 2023 zilizofutika maandishi, mpaka CENI ikalazimika kutoa nakala mpya kabla ya kura ya tarehe 20 Desemba. Yale yalikuwa mambo ya uchapaji wa aina nyingine, lakini funzo ni moja: maandishi yakitoka, mwenye karatasi anabaki kujieleza mlangoni. Kazi kubwa nazo zinaenda ngambo. Karatasi za kura za 2006 zilichapwa Afrika Kusini na kuletwa kwa ndege. Mchapishaji wa Kenya, Katuba au Kamalondo anayetaka kushindania kazi za shule na ofisi atapimwa kwanza kwa usafi wa karatasi yake ya mwisho ndani ya pakiti.

Hata wenye fotokopi, wanaofanya kazi kandokando ya barabara na jenereta yao, wanaweza kuokoa karatasi nyingi bila kununua kitu. Acha karatasi ndani ya pakiti yake mpaka saa ya kuitumia. Usiiweke juu ya simenti, hasa wakati wa mvua. Ipepete kabla ya kuitia ili hewa iingie. Karatasi ikikwama, zima mashini kwanza, kisha uivute polepole kwa mikono miwili, upande ule ule ilikokuwa inaelekea. Ukiivuta kinyume, inapasuka, na kipande kidogo kinachobaki ndani kitakwamisha mia nyingine. Na shika karatasi kwenye kingo: jasho la kidole gumba linaonekana kuliko unavyofikiri.

Kwa sisi wateja, ushauri ni mmoja. Peleka kazi mapema, na ukiambiwa urudi kesho, rudi kesho. Mchapishaji anayekuomba usiku mmoja huenda anailinda kazi yako.

Kadi za pili tulizipata baada ya siku mbili. Shangazi hakusoma hata majina. Aligeuza moja, akapitisha kidole nyuma, akakitazama kidole chake. Kilikuwa safi. Ndipo akaanza kuhesabu wageni.