Kutoka Rejesta ya Chumba cha Upasuaji hadi Jarida: Uandishi wa Makala za Utafiti wa Upasuaji katika Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Mchimbaji mdogo anapofukiwa na kifusi katika duara huko Nyarugusu, wilayani Geita, matibabu yake huacha maandishi mahali pengi: katika daftari la zahanati, barua ya rufaa, rejesta ya chumba cha upasuaji na, endapo jeraha linahitaji daktari bingwa, katika jalada la Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza. Maandishi hayo yakibaki yalivyo, humsaidia mgonjwa mmoja. Yakikusanywa kwa utaratibu, yakachambuliwa na kuchapishwa, huweza kubadili matibabu ya wengine. Makala hii inafafanua namna daktari anayesomea upasuaji anavyojifunza kuyafikisha maandishi hayo kwenye jarida la kitaaluma, na mahali ambapo kazi hiyo hukwama.

Hatua inayodharauliwa zaidi ni uundaji wa swali. Wanafunzi wengi huanza na mada, mathani “majeraha ya migodini”, ilhali mada si swali. Swali hubainisha wagonjwa gani, kipindi gani, tokeo gani na linganisho gani. Aidha, swali lazima lilingane na kile ambacho rejesta inaweza kujibu. Rejesta ya hospitali ya rufaa huwaonyesha waliofika tu. Aliyefia shimoni hayumo, na aliyetibiwa jeraha dogo kijijini hayumo pia. Kwa hiyo mtafiti anaweza kueleza aina za majeraha na matokeo ya upasuaji wake, lakini hawezi kutaja kiwango cha majeraha miongoni mwa wachimbaji, kwa kuwa asili ya sehemu hiyo, yaani idadi ya wachimbaji wote waliokuwa hatarini, haijulikani. Mhakiki makini huiona kasoro hii katika ikisiri, kabla hata ya kufika kwenye majedwali.

Jina la mahali nalo huhitaji uangalifu. Kuna Nyarugusu mbili zinazotajwa katika maandiko ya afya ya Tanzania: hii ya dhahabu, na kambi ya wakimbizi iliyoko Kasulu, Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996. Anayetafuta tafiti kwa jina hilo pekee hukutana zaidi na kambi. Vilevile, Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Wilaya ya Geita ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mwanza. Mtafiti anayetumia majalada ya kabla na baada ya mwaka huo, akihesabu wagonjwa kwa mkoa, ataona ongezeko ambalo limeletwa na mipaka ya utawala tu. Hali kadhalika, muda kati ya jeraha na upasuaji ulitegemea kivuko cha Kigongo–Busisi hadi daraja lilipozinduliwa Juni 2025. Mambo kama haya yanapaswa kuandikwa katika sehemu ya mbinu, si kuachwa yagunduliwe na msomaji.

Mfano mzuri wa uandishi unapatikana Bugando kwenyewe. Mwaka 2011 jarida la BMC Surgery lilichapisha utafiti kuhusu maambukizi ya vidonda vya upasuaji hospitalini hapo: kati ya wagonjwa 250 waliofanyiwa upasuaji mkubwa, 65 walipata maambukizi, sawa na asilimia 26.0. Nguvu yake haimo katika ukubwa wa sampuli. Waandishi walifuatilia wagonjwa kwa swali moja, wakapima vimelea maabara, kisha wakabainisha mambo yaliyohusiana na maambukizi, yakiwemo upasuaji wa muda mrefu, uvutaji wa sigara na usafishaji wa ngozi kwa iodini pekee. Hili la mwisho linaweza kubadilishwa wodini bila kununua mtambo wowote, na hapo ndipo thamani ya makala inapoonekana. Mwongozo wa STROBE, uliochapishwa mwaka 2007, humsaidia mwandishi wa utafiti wa namna hii kuhakiki kwamba hajaacha jambo la msingi, ingawa haumsaidii kupata swali.

Suala la uandishi wa pamoja lina uzito wake. Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba huweka masharti manne: mchango mkubwa katika utafiti, kushiriki kuandika au kuhakiki rasimu, kuidhinisha toleo la mwisho, na kuwajibika kwa kazi yote. Tabibu wa wilayani aliyekusanya data mara nyingi huishia kwenye shukrani kwa sababu hakuwahi kuletewa rasimu. Hiyo si haki. Aliyetimiza sharti la kwanza anapaswa kupewa nafasi ya kutimiza yaliyosalia.

Ridhaa ya mgonjwa ni ngumu zaidi katika taarifa ya mgonjwa mmoja. Katika kata ya wachimbaji, umri, tarehe ya kuporomoka kwa duara na kiungo kilichokatwa vinatosha kumtambulisha mtu hata jina likifutwa. Kibali cha kamati ya maadili hakiondoi wajibu wa kupunguza maelezo hayo.

Baada ya tasnifu kukubaliwa, kazi nyingi huishia rafuni. Tasnifu ya kurasa themanini haifupishwi kwa kukata aya. Huandikwa upya kuanzia majedwali, kisha matokeo, mbinu, mjadala, na ikisiri mwishoni. Jarida huchaguliwa kwa wasomaji wake: East and Central African Journal of Surgery huwafikia madaktari wa upasuaji wa ukanda huu. Jarida linaloahidi kukubali makala ndani ya siku chache kwa malipo liepukwe. Maoni ya wahakiki hujibiwa moja baada ya jingine, kila jibu likitaja ukurasa uliorekebishwa. Na pale mwandishi asipokubaliana, hutoa hoja pamoja na takwimu zake, akimwachia mhariri uamuzi.