Chembe za Jongo na Vumbi la Geita

Mwanachama aliyewahi kushikwa na jongo hana haja ya kuelezwa. Alilala mzima, usiku akaamka kidole gumba cha mguu kimevimba, chekundu, cha moto, hata shuka ikikigusa hawezi kuvumilia. Kupanda mkarafuu ndiyo basi.

Asili yake ni takataka ya damu iitwayo asidi ya yuriki. Figo zikishindwa kuitoa yote, huganda viungoni ikawa chembe kama sindano, khasa penye ubaridi kama vidoleni. Mwaka 1961 waganga McCarty na Hollander wa Marekani walizitambua kwa darubini katika maji ya viungo. Mwaka uliofuata McCarty na mwenzake Faires walijidunga chembe hizo magotini mwao wenyewe, na magoti yakaumuka kama ya wagonjwa. Ushahidi wa namna hiyo haubishiki!

Lakini si ncha ya sindano inayoleta moto ule. Seli nyeupe, askari wa mwili, huzimeza chembe, hushindwa kuzisaga, na ndani yake huamka mtambo wa kupiga mbiu. Mbiu hiyo ni interlukini-1, nayo huita askari wengine kwa wingi. Vita vyao ndivyo uvimbe. Wataalamu wa Lausanne, Uswisi, waliueleza mtambo huo mwaka 2006.

Mwaka 2008 ikabainika kuwa vumbi la silika huuamsha mtambo uleule. Hapo ndipo jongo letu linapokutana na dhahabu ya Geita. Wachimbaji wadogo wa huko hutoboa mwamba wenye silika na kuusaga kwa makarasha. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2015 vilikuta silika hewani, wakati wa kutoboa mashimoni, zaidi ya mara 300 ya kiwango kinachopendekezwa Marekani. Kumwagia mwamba maji hupunguza vumbi, lakini maji hayapatikani kila shimo.

Tena wenzetu hao wana shida kutushinda. Chembe za jongo huyeyuka polepole asidi ikishuka, kwa dawa kama alopurinoli anayoandika daktari. Silika haiyeyuki. Askari humeza, hufa, huiacha, mwingine humeza tena, na pafu hujaa makovu, kisha kifua kikuu hupata mlango.

Na mafuta ya makonyo tunayojipaka? Hupasha ngozi tu. Yafaa mwenye jongo apimwe damu hospitali, kwani maumivu yakitulia baada ya wiki moja au mbili, chembe bado zimo.